Saa 72 za kwanza: mkimbizi aliyebakwa aanzie wapi

Wanawake wakimbizi wanaoishi Nakuru na Kisumu wanapobakwa, wengi hujifungia nyumbani kwa hofu moja: kitambulisho cha ukimbizi kimeisha muda, wakienda kituo cha polisi watashikwa wao. Basi aanzie hospitali. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi wala kitambulisho, na katika hospitali za serikali aliyebakwa anapaswa kutibiwa bila malipo. Kisumu, Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ina kituo cha kuwahudumia manusura. Nakuru, aende hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo wengi bado huiita PGH.

Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kuisha, na saa ya 3 ni bora kuliko ya 60. Humezwa siku 28 bila kuruka. Wengi huziacha kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa kumficha mume. Amweleze muuguzi mapema ili wapange pamoja wakati wa kumeza na mahali pa kuziweka. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba husaidia hadi saa 120, ila nguvu yake hupungua kila siku inayopita.

Asioge kabla ya kupimwa. Kama ameshaoga, aende vivyo hivyo. Nguo alizovaa zisifuliwe. Kila moja itiwe kwenye bahasha yake ya kaki au ifungwe kwa gazeti. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, nguo huota ukungu na ushahidi ukaharibika.

Hospitali hujaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, kwa nakala 3, na moja ni yake. Asiondoke bila kuhakikisha tarehe, saa na majeraha yote yameandikwa. Fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa na polisi. Aulizie dawati la jinsia.

Hapa kwenye maelezo anayoandikisha polisi ndipo kesi nyingi huharibikia. Mama wa Kivu, mashariki mwa Kongo, anaweza kusema “alinikamata ku nguvu”, akimaanisha alibakwa. Askari wa hapa husikia kwamba alikamatwa tu, naye huandika shambulio la kawaida. Kwa hiyo asomewe maelezo yote kabla ya kutia sahihi. Mkalimani asiwe mume, shemeji wala jirani. Mbele yao mwanamke hunyamaza, na siri hufika mtaani kabla yake.

Ikiwa anayempiga au kumbaka ni mume ambaye ndiye mwenye faili la familia la usajili wa ukimbizi, anaweza kuomba atenganishwe apewe faili lake mwenyewe, na mahakamani aombe amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani. Asiye na nauli, au asiyejua kituo cha huduma kilicho karibu naye, apige 1195, simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Simu hiyo ni ya bure, usiku na mchana.