Ithibati si kibali: neno linalowachanganya waandishi

Mwandishi mmoja alitujia ofisini hapa Dodoma kutoka Mpwapwa, mswada kaufunga kwa kamba ya katani, akasema amefuata "kibali cha kuchapa". Nikamuuliza: kibali au ithibati? Akacheka, akadhani namtania.

Ithibati ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndugu zake tunao kila siku: thabiti, thibitisha, uthibitisho. Kiini chake ni kitu kukaguliwa kikaonekana kimesimama imara. Kibali ni jamaa ya kubali, nacho ni idhini, yaani ruhusa tu: fanya, hukatazwi. Anayetoa idhini huenda asisome hata ukurasa mmoja. Wa ithibati hana budi kusoma.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, ilipitia miswada ya vitabu vya shule, na vilivyofaulu vilichapwa vikiwa na tamko kwamba Kiswahili chake kimekubaliwa. Waingereza waliliita tamko hilo imprimatur, neno la Kilatini: "na kichapwe". Kanisa Katoliki lilikuwa nalo karne nyingi kabla. Fungua vitabu vyao vya sala, kurasa za mwanzo, mara nyingi utakuta Nihil obstat, yaani "hakuna kizuizi", kisha Imprimatur na jina la askofu. Askofu hapo hasemi kwamba anaafiki kila sentensi; anasema hakuna kosa la imani. Ithibati ya lugha nayo ndivyo ilivyo. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), iliyoundwa kwa sheria ya 1967, ikithibitisha Kiswahili cha riwaya haijasema riwaya ni tamu.

Turudi kwa mgeni wangu. Ukurasa wa nne aliandika: "Alisubiri masaa mawili." Kwa usanifu ni saa mbili. Akanibishia: msomaji si atadhani ni saa mbili asubuhi? Ana hoja, na si yeye wa kwanza kuitoa. Tukaandika "kwa muda wa saa mbili", tukaendelea.

Katika matumizi, kitabu hupata au hupewa ithibati. Kitenzi ni kuthibitishwa. "Kimeithibatishwa", ambalo nimeliona kwenye barua zaidi ya moja, halina mzazi.

Alipokuwa anaondoka akanionyesha ISBN: "Mbona namba ninayo tayari?" Namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, nayo hutambulisha kitabu tu, kama namba ya usajili ya bajaji. Haikuelezi kama breki zinashika. Na ikiwa kitabu ni cha kiada, ithibati ya lugha peke yake haitoshi: wanaosimamia elimu nao watataka kukipima kwa mtaala, na hapo ni mlango mwingine.