Tiketi "non remboursable": kwanza uliza nani alifuta safari

Kila ndege inapofutwa, hapa Goma inasikika sentensi ileile: "Biye ilikuwa non remboursable, franga zimeisha kufa." Abiria akisema hivyo namwelewa, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Lakini naisikia pia kwa vijana wa ajansi kule Birere, watu wanaouza tiketi kila siku. Mama aliyekusanya pesa msimu mzima ili mtoto aende kusoma anajibiwa hivyo, anashukuru, anaondoka. Pesa ni zake na bado anaweza kuzidai, ila hakuna aliyemwambia.

Maana yenyewe ni fupi. Tiketi non remboursable ni tiketi ya bei ya chini ambayo msafiri akiamua mwenyewe kuacha safari, harudishiwi nauli. Tiketi ya bei ya juu kidogo humruhusu kuacha, lakini kampuni hukata kwanza ada ya kufuta, ile tunayoiita penalite. Ada ya kubadili tarehe ni jambo lingine. Ada ya kutotokea uwanjani bila kuarifu ni lingine tena, na mara nyingi ndiyo kali kuliko zote, kwa sababu usipopanda ndege ya kwenda, kampuni nyingi hufuta na ile ya kurudi. Kampuni za bei nafuu, kama Jambojet ya Kenya iliyoanza kuruka Nairobi–Goma mwaka 2021, huishi kwa masharti ya namna hii: nauli inakuwa ndogo, na hatari ya kubadili mawazo inabaki kwako. Mimi sioni ubaya wowote hapo, mradi mnunuzi aelezwe kabla ya kulipa.

Sasa rudi kwenye maneno "akiamua mwenyewe". Hapo ndipo watu wanapotea.

Masharti ya usafirishaji ya kampuni nyingi za ndege yameandikwa kwa kufuata mfano mmoja wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Ndani yake sura ya kurudisha pesa, ambayo mara nyingi ni ibara ya 10, imegawanywa mara mbili. Sehemu moja inahusu abiria aliyeacha kwa hiari yake. Nyingine inahusu abiria aliyeachishwa: kampuni imefuta ndege, imeshindwa kufika mahali ilikoahidi, au imemkosesha ndege ya kuunganisha iliyo kwenye tiketi hiyohiyo. Katika Kifaransa cha ajansi zinaitwa remboursement volontaire na remboursement involontaire. Maneno NON REF, yaani non remboursable, yaliyochapwa kwenye tiketi yako yanatawala sehemu ya kwanza tu. Kwenye sehemu ya pili hayana nguvu.

Ukilipia gunia la makala halafu ukabadili mawazo, muuzaji anaweza kukuambia biashara imekwisha. Gunia lisipoletwa, hawezi kukuambia hivyo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme tiketi ni dola 390: nauli ya msingi 210, nyongeza ya kampuni 96, kodi za viwanja 84. Hiyo nyongeza huandikwa YQ au YR. Inakaa kwenye mstari wa kodi, lakini ni pesa ya kampuni, si ya serikali wala ya uwanja. Ukiacha safari mwenyewe kwa tiketi non remboursable, 210 zimekwenda, na kwa kawaida 96 huzifuata. Zile 84 za viwanja unaweza kuzidai katika kampuni nyingi, kwa sababu ni malipo ya kupita uwanja ambao hukupita. Kampuni za bei nafuu hupenda kukata ada ya kushughulikia ombi hilo, na safari nyingine ada hiyo inameza kodi yote, kwa hiyo uliza kabla ya kujaza karatasi. Kama tiketi ilikuwa na penalite ya dola 100, unarudishiwa 290. Na kama kampuni ndiyo iliyofuta? Ni 390 zote, hata kama NON REF imechapwa kwa herufi kubwa kiasi gani. Kinachoweza kubaki nje ni ada ya ajansi kwa kazi yake ya kukuuzia, maana hiyo haikuingia mfuko wa kampuni.

Kuna neno lingine linalozima madai ya watu hapa kwetu kuliko hata non remboursable: force majeure, yaani janga lililo nje ya uwezo wa kampuni. Volkano, vita, uwanja kufungwa. Sisi wa Goma tumeyaona yote. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 na ndege zikasimama. Mwisho wa Januari 2025 uwanja ukafungwa kwa mapigano, na tangu hapo safari zetu zinaanzia kwenye bariyeri ya mpaka wa Rwanda, Gisenyi, hadi uwanja wa ndege wa Kanombe kule Kigali. Katika siku kama hizo mtu anaambiwa, "Haikuwa kosa la kampuni, kwa hiyo hakuna kurudisha." Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili haitokani nayo.

Mambo mawili yamechanganywa. Kurudishiwa ni kupata pesa uliyotoa kwa huduma ambayo hukuipata. Fidia ni pesa ya ziada juu yake, kwa usumbufu. Swali la nani ana kosa ni la fidia. Kwa kurudishiwa swali ni moja tu: ndege ilikubeba au haikukubeba?

Sheria ya Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004, inaonyesha mpaka huo waziwazi. Kampuni ikifuta ndege, abiria huchagua kati ya kurudishiwa pesa ndani ya siku 7 na kupelekwa kwa njia nyingine. Fidia iko mbali, kwenye ibara yake: euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Kampuni ikithibitisha mazingira yasiyo ya kawaida, fidia inaanguka, lakini pesa ya tiketi hubaki deni. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya mwaka 2010, abiria mmoja wa Ireland aliyekwama Ureno aliishtaki Ryanair kwa gharama za chakula na malazi. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba volkano ni tukio lisilo la kawaida, ikasema hata hivyo kampuni ilipaswa kumtunza. Marekani hawana fidia ya namna hiyo kwa ndege iliyofutwa, ila kurudishiwa wanako, na sababu ya kufuta haiangaliwi. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo hurudishiwa ndani ya siku 7 za kazi, na aliyelipa kwa njia nyingine ndani ya siku 20.

Najua mtu atasema: hiyo ni Ulaya, sisi tuko Goma. Lakini kanuni 261 inashika kila ndege inayoondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, na pia ndege ya kampuni ya Ulaya inayoelekea huko. Ukipanda Brussels Airlines kutoka Kigali kwenda Brussels, umo ndani yake. Ukirudi kutoka Brussels, umo hata kama ndege ni ya kampuni ya Afrika. Kwa safari kama Kigali–Nairobi kanuni hiyo haikufikii, na hapo unarudi kwenye masharti ya kampuni yenyewe, ile sehemu ya abiria aliyeachishwa. Iombe, isome, onyesha mstari kwa kidole. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao wengi huutaja, unahusu hasara ya kuchelewa, mizigo na majeraha. Usiutegemee kwa pesa ya tiketi iliyofutwa.

Kutoka katika mpaka kati ya kuacha na kuachishwa huja jambo ambalo ningependa kila familia ilijue: usiwe wa kwanza kufuta. Hali ikichafuka na ukasikia kwamba ndege huenda isiruke, hofu inakusukuma kwenda ajansi kufuta haraka. Ukifanya hivyo leo na kampuni ikafuta kesho, umejihesabu mwenyewe miongoni mwa walioacha kwa hiari. Kamisheni ya Ulaya ilisema hivyo waziwazi Machi 2020, korona ilipoanza: aliyeacha mwenyewe hakingwi na kanuni 261. Kwa hiyo subiri tangazo, huku ukichunga saa ya kuondoka, maana ndege ikiruka bila wewe umegeuka mtu asiyetokea. Na wale waliokimbilia Sake au Bukavu baada ya mlipuko wa 2021, kama ndege yao nayo ilifutwa, hawakuwa watu wasiotokea hata kidogo. Ndege ndiyo haikutokea.

Linabaki suala la vocha. Kampuni iliyofuta hupenda kukupa vocha ya safari nyingine badala ya pesa. Kuipokea si kosa, kama utasafiri kweli na muda wake unatosha. Katika Ulaya haiwezi kuchukua nafasi ya pesa bila sahihi yako ya kukubali. Kwingine soma kwanza karatasi unayotiwa mbele, kwa sababu ukishakubali vocha ni vigumu sana kurudi kudai dola.

Pesa hurudi kwa njia iliyolipwa. Wengi wetu hulipa taslimu kwa ajansi, basi ajansi ndiyo inayopeleka ombi kwa kampuni kupitia mfumo wa malipo wa IATA na ndiyo inayokukabidhi. Kwa hiyo kijana wa ajansi akikuambia kwa upole "ni non remboursable", usigombane naye. Huenda naye aliambiwa hivyo na aliyemfundisha kazi. Mwombe afungue ombi la abiria aliyeachishwa, involontaire, aambatishe ujumbe wa kampuni wa kufuta ndege, akupe namba ya ombi. Fanya hivyo mapema, kwa sababu tiketi nyingi huishi mwaka mmoja tu.