Kwa nini HBsAg, kipimo cha homa ya ini B, hubaki chanya wakati dawa inafanya kazi

Kila inapokaribia Siku ya Homa ya Ini Duniani, tarehe 28 Julai, upimaji huongezeka na malalamiko nayo huongezeka, hasa ya wagonjwa wanaotumia tenofovir, dawa ya homa ya ini B, ambao HBsAg yao haijabadilika kuwa hasi na ambao, kwa hasira, huamua kuacha dawa. Uamuzi huo ni wa hatari, kwani ugonjwa unaweza kuripuka upya na kuliumiza ini.

Kirusi cha homa ya ini B kina protini tatu za utando wa nje: kubwa, ya kati na ndogo. Protini ndogo, ambayo ndiyo nyingi zaidi, hujikusanya yenyewe ndani ya seli ya ini na kutoka ikiwa chembe tupu ya nanomita 22 hivi, isiyo na ganda la ndani wala DNA. Kirusi kamili, chenye nanomita 42 hivi, hakiundwi bila protini kubwa, kwa sababu sehemu yake iitwayo preS1 ndiyo inayolishika ganda lililobeba DNA ili livikwe utando. Nacho hutoka kwa njia nyingine, kupitia vifuko ambavyo seli huvitumia kupanga na kuondoa protini zake. Hata hivyo, protini kubwa ikizidi kiasi, chembe hukwama ndani ya seli. Ile ya kati si ya lazima. Katika damu, chembe tupu zinaweza kuzidi virusi kamili mara 1,000 hadi 100,000.

Tenofovir huzuia DNA ya kirusi isitengenezwe. Haizuii protini ndogo, na HBsAg hupima protini hiyohiyo. Kuzunguka maabara tatu kurudia HBsAg ni kupoteza fedha. Kinachofuatiliwa ni wingi wa DNA ya virusi: daktari hujaza fomu, damu huwekwa kwenye chupa ya EDTA (yenye kemikali inayozuia damu isigande), plazima, yaani majimaji ya damu, hutenganishwa, na jina na namba ya faili lazima vilingane na fomu, la sivyo sampuli hukataliwa na mgonjwa huitwa tena. Mwenye HBsAg chanya haruhusiwi kuchangia damu, hata kama DNA haionekani.

Uvumi kwamba chanjo huleta ugonjwa hauna msingi wowote. Chanjo inayotumiwa zaidi ni protini ndogo peke yake, iliyozalishwa kwa hamira tangu 1986, na protini hiyo peke yake haiwezi kuunda kirusi. Ila HBsAg inaweza kuonekana chanya kwa muda mfupi baada ya sindano; kwa hiyo pimeni kabla ya kuchanjwa, na aliyekwisha kuchanjwa asubiri mwezi mmoja.