Vilima vya Val d'Orcia ni mashamba ya watu: dhana potofu kuhusu safari ya picha mashambani Italia

Karibu kila anayepanga kwenda Italia kupiga picha nje ya miji mikubwa huwa na picha moja kichwani: vilima vya kijani vinavyopandana, nyumba ya mawe iliyosimama peke yake mgongoni mwa kilima, na safu ya misaiprasi, miti mirefu na myembamba, inayoielekea nyumba hiyo. Mahali hapo panajulikana. Ni Val d'Orcia, kusini mwa mkoa wa Toscana, upande wa Siena, chini ya mlima Amiata wenye kimo cha mita 1,738. Wengi hufunga safari kwa mambo ya kusikia tu. Wanafika mwezi usiofaa, wanalala mji usiofaa, wanarudi na picha za mabua makavu chini ya jua la utosi. Makosa mengi kati ya hayo yana mzizi mmoja, nao ni kuichukulia Val d'Orcia kama mbuga ya mandhari, wakati ni mashamba ya ngano, malisho na mizabibu ambayo wenyewe wanayalima hadi leo.

"Ni uzuri wa asili"

Hapana, ni kazi ya mikono. UNESCO ilipoiingiza Val d'Orcia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004, sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo: bonde hili lilipangwa upya katika karne ya 14 na ya 15, lilipoingia chini ya himaya ya mji wa Siena, ili ardhi yenyewe ionyeshe utawala mwema na ipendeze machoni. Ukipita Siena, ingia Palazzo Pubblico, jengo la serikali ya mji, uone michoro ya ukutani ya Ambrogio Lorenzetti ya mwaka 1338 na 1339. Upande wa serikali njema ameuchora mji wenye amani, na nje ya lango lake vilima vilivyolimwa, watu wanaovuna, wanyama waliobebeshwa mizigo. Mpigapicha atakayetulia mbele ya mchoro ule atajifunza kupanga picha zaidi kuliko kwa video nyingi za mtandaoni, maana msanii yule alikuwa anatazama mashamba ya aina ile ile anayokwenda kuyapiga.

Kuna ya karibu zaidi. Ile barabara inayopinda kama nyoka kwenye kilima, yenye misaiprasi pembezoni, ambayo huuzwa kwenye kadi kama alama ya Toscana ya kale, huonekana kutoka shamba la La Foce. Antonio na Iris Origo, mume na mke, walilinunua shamba hilo mwaka 1924, wakati sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa udongo wa mfinyanzi uliomomonyoka, usioota kitu cha maana. Wao ndio waliojenga barabara hiyo na kupanda miti hiyo. Ina umri wa takriban miaka mia tu.

Na zile nyumba zilizosimama mojamoja? Kwa karne nyingi ardhi ya huku ililimwa kwa mkataba wa nusu kwa nusu, yaani mkulima na mwenye shamba wanagawana mavuno. Kila familia ilikaa ndani ya eneo iliyolilima, ndiyo maana nyumba hazikukusanyika kijijini. Sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo, watu wengi wakahamia mijini, nyumba zikabaki tupu. Baadhi zilichukuliwa na wafugaji wa kondoo kutoka Sardinia, na jibini la kondoo la Pienza linalosifiwa leo lina mchango wao. Nyingine zimegeuzwa malazi ya wageni. Nayasema haya kwa sababu yanabadilisha jicho. Anayejua kwa nini nyumba ipo pale hutafuta pia njia yake, kisima chake na shamba lake, na picha yake hupata kiini.

"Nenda Julai au Agosti, ndiyo majira mazuri"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi. Julai na Agosti kuna jua la uhakika na likizo za Wazungu, kwa hiyo matangazo yote yanasukuma watu huko. Lakini ngano haifuati likizo. Hupandwa vuli, Oktoba na Novemba, huchipua wakati wa baridi, hufikia ukijani wake wa kina Aprili na mwanzoni mwa Mei, hugeuka njano Juni, na huvunwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Anayefika Agosti hukuta mabua au udongo uliokwisha kutifuliwa.

Chukua mfano wa kundi la misaiprasi lililo katikati ya shamba, kando ya barabara ya Cassia, kaskazini kidogo ya San Quirico d'Orcia. Aprili limezungukwa na kijani kinachotembea na upepo. Mwishoni mwa Mei huenda ukakuta maua mekundu ya popi yametawanyika ndani ya ngano. Julai limesimama juu ya dhahabu iliyokatwa, yenye mistari ya mashine ya kuvunia. Septemba limezungukwa na mabonge ya udongo wa rangi ya kahawia hafifu. Miti ni ile ile, na kila mwezi ni picha nyingine. Sisemi Septemba ni mbaya. Udongo uliolimwa, hasa kwenye vilima vya mfinyanzi vya Crete Senesi karibu na Asciano, hutoa picha zenye utulivu ambazo wengi huzidharau kwa kukosa kijani. Ninachosema ni kwamba uchague mwezi kwa kujua unataka rangi gani.

Alizeti huchanua mwishoni mwa Juni na Julai, ila wakulima hubadilisha mashamba kila msimu, kwa hiyo shamba uliloliona kwenye picha ya mwaka jana linaweza kuwa na maharagwe mwaka huu. Mizabibu nayo hubadilika rangi mwishoni mwa Oktoba na kuingia Novemba. Hapo kuna dhana nyingine ndogo inayofaa kuondolewa: kwamba Toscana yote ni mizabibu. Anayetafuta mizabibu aende Montalcino au apande juu hadi Chianti, kati ya Siena na Florence. Kwingi ndani ya Val d'Orcia ni ngano na malisho.

Ukungu ule unaojaza mabonde na kuacha vilele vikielea hautokei kwa kupiga bao. Unahitaji usiku wa anga safi usio na upepo, ardhi yenye unyevu, na hewa baridi ya kushuka bondeni. Basi ukisikia mvua imenyesha mchana na usiku umetulia, weka saa ikuamshe mapema. Masika na vuli ndiyo nyakati zake. Katikati ya majira ya joto, ardhi imekauka na ukungu huwa nadra. Kwa kuchagua mwenyewe, ningechukua wiki za mwisho za Aprili na za mwanzo za Mei, halafu Oktoba.

"Mwanga wa asubuhi ni dakika chache tu"

Aliyejifunzia kamera Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anaamini hivyo, na kwao ni kweli. Karibu na ikweta jua hupanda na kuzama karibu wima, kwa hiyo mwanga laini hupita upesi na giza hushuka ghafla baada ya Magharibi. Val d'Orcia iko nyuzi 43 kaskazini. Huko jua huzama kwa mshazari na mwanga wa dhahabu hudumu, hasa Juni. Hata likishazama, anga hubaki na rangi ya buluu kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Usikunje stendi ya kamera mara tu jua linapotoweka.

Saa nazo hubadilika mno. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza karibu saa 11 na nusu alfajiri na kuzama saa 3 kasoro usiku. Desemba huchomoza kama saa 1:40 asubuhi na saa 10:40 jioni limekwisha zama. Kipimo cha siku ya saa kumi na mbili hakikusaidii huko. Mchana wa Juni jua hufika nyuzi kama 70 juu ya upeo na kuvilaza vilima: kivuli kinapotea na umbo la ardhi linapotea nalo. Desemba saa 6 mchana hufika nyuzi kama 24 tu, hivyo mwanga wa ubavuni unao siku nzima. Kwa sababu hiyo, anayesema baridi hakuna cha kupiga bado hajakuona Toscana wakati wa baridi: ngano changa imeshaota, watu hakuna, na vivuli ni virefu tangu asubuhi.

"Mandhari hupigwa kwa lenzi pana"

Lenzi pana huku mara nyingi huangusha picha. Vilima viko mbali na ni vya chini, na lenzi pana huvisukuma mbali zaidi na kukuachia nusu ya fremu ni nyasi na nusu ni anga. Picha nyingi zilizoifanya Val d'Orcia ijulikane zimepigwa kwa lenzi ndefu, ya milimita 70 hadi 200 au zaidi, mpigapicha akiwa ng'ambo ya bonde. Hapo vilima vinakaribiana, mkunjo unalalia mkunjo, na unaweza kuchagua kitu kimoja: kanisa dogo la Vitaleta na misaiprasi yake, au njia moja ya vumbi tu. Simu yenye lenzi ya kuvuta nayo inafanya kazi nzuri mwanga ukiwa mzuri, mradi iwe juu ya stendi.

"Lala Florence, kijijini utaenda na kurudi"

Piga hesabu. Kutoka Florence hadi San Quirico ni zaidi ya kilomita 100. Ukitaka kuwa kando ya barabara ya San Quirico kwenda Pienza, mahali watu wanaposubiri jua mbele ya nyumba ya Podere Belvedere, kabla ya saa 11 alfajiri ya Juni, utaondoka Florence saa 9 usiku. Siku moja utaweza, ya pili utashindwa. Lala San Quirico, Pienza au kwenye nyumba ya shambani katikati yao. Miji hiyo miwili imeachana kilomita kama 10, Montalcino na Montepulciano haziko mbali, na eneo hilo peke yake linakutosha siku tano. Wanaotaka kuunganisha Toscana, milima ya Dolomites na pwani ya Amalfi ndani ya wiki moja hupiga picha nyingi za dirisha la gari.

Gari linasaidia sana, kwa kuwa basi la alfajiri utakalolihitaji halipo. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujatoka nyumbani, ukibebe pamoja na leseni yako. Waliozoea barabara za Kenya, Tanzania na Uganda wajiandae kuendesha upande wa kulia; wa Kongo, Rwanda, Burundi na Oman wameshazoea. Katikati ya miji ya kale kuna maeneo yenye alama ya ZTL, ambako magari ya wageni hayaruhusiwi. Kamera husoma namba ya gari na faini hukufuata hadi nyumbani kupitia kampuni iliyokukodisha. Egesha nje ya ukuta wa mji, ingia kwa miguu. Asiyeendesha asikate tamaa: njia ya kale ya mahujaji waendao Roma, Via Francigena, inapita San Quirico na kushuka Bagno Vignoni, kijiji ambacho uwanja wake mkuu ni bwawa la maji moto. Ni kilomita chache kwa miguu, na kwa mguu unaona vitu ambavyo dereva havioni.

Kuhusu viza, dhana ya kawaida ni kwamba ukiwa Mtanzania lazima uombe Tanzania. Unaomba katika nchi unayoishi kihalali, kwa hiyo anayeishi Muscat ataomba Muscat. Viza ya Schengen, ndiyo inayokuingiza Italia, huombwa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari na isipungue siku 15; ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

"Ni mashambani, hakuna atakayekuuliza"

Droni yenye kamera, hata iwe ndogo, humlazimu mrushaji kujisajili, na Italia inadai bima. Kikomo ni mita 120 kutoka ardhini, na hairuhusiwi kurushwa juu ya mikusanyiko ya watu. Picha za kumbukumbu yako ni huru. Lakini ukitaka kutumia kibiashara picha ya jengo la urithi lililo chini ya mamlaka za umma, sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2004 inaweza kukudai kibali na malipo. Uliza kabla ya kusaini na mteja.

Na shamba lina mwenyewe. Ngano ya Mei ikikanyagwa hailimwi upya mwezi huo, na njia moja iliyotokana na nyayo za mpigapicha mmoja huwaita kumi wengine kesho yake. Piga ukiwa barabarani au kwenye njia za changarawe zilizo wazi kwa wote. Ukiona kibao kimeandikwa "proprietà privata", yaani mali ya mtu binafsi, geuka urudi. Ukimkuta mwenye shamba, msalimie na umwombe, kisha mtumie picha aliyoiona ikipigwa.