Kilo 12 na kilo 8 zinapozaa kilo 128

Chukua fomu ya kupokelea karafuu kituoni, iwe Wete au Mkoani kule Pemba. Mkulima kaleta magunia mawili. Karani anaandika 12 kwenye kisanduku cha kwanza, 8 kwenye cha pili, anabonyeza kitufe, na programu iliyoandikwa bila uangalifu kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu, inamjibu: kilo 128. Tukiweka mfano wa bei ya shilingi 15,000 kwa kilo, stakabadhi inatoka na shilingi 1,920,000 badala ya 300,000. Hakuna onyo lililotokea. Kosa litajulikana jioni fedha zikihesabiwa, au halitajulikana kabisa. Suala hapa ni ukali wa lugha za programu: zinavyolinda aina ya data, yaani kama kitu ni namba au maandishi.

Kilichotokea ni hiki. Chochote kinachoandikwa kwenye kisanduku, kivinjari hukikabidhi kwa programu kikiwa maandishi, hata kama kisanduku chenyewe kimewekwa cha namba. Alama ya kujumlisha ikikaa baina ya maandishi mawili, JavaScript huyaunganisha: "12" na "8" huwa "128". Alama ya kuzidisha inafanya mambo mengine. Hiyo huyageuza maandishi kuwa namba, kimya kimya, ndipo "128" ikazidishwa kwa bei bila kipingamizi. Alama moja imelegea upande huu, nyengine upande ule, na makosa mawili yakashikana mikono.

Wengi hudhani dawa ni kuhamia lugha nyengine, Python. Si hivyo moja kwa moja. Python nayo huunganisha "12" na "8", kisha ukizidisha kwa 15,000 huyarudia maandishi hayo mara 15,000, ukapata mstari wa tarakimu 45,000. Angalau kituko hicho kinaonekana kwa macho. Kinachokataliwa na Python ni mchanganyiko: maandishi "12" na namba 8 havijumlishwi, programu inasimama na kukutajia mstari wenye kosa. Java, lugha nyengine tena, ni kali zaidi. Ukishatangaza kwamba jumla ni namba kamili, kompaila (chombo kinachoitafsiri programu kabla haijaendeshwa) haikubali uweke maandishi humo, na programu haitoki mezani kwa mwandishi wake.

Kwa hiyo tunapouliza kama lugha ni kali, tunauliza mambo mawili: inakagua lini, na inavumilia kiasi gani. Lugha ya C hukagua kabla ya programu kuanza, lakini uvumilivu wake umepita kiasi. Hesabu ikitoa 300 ukaihifadhi kwenye baiti moja (nafasi ya biti 8, yaani tarakimu nane za 0 na 1) isiyobeba hasi, utakuta 44, kwa kuwa baiti hiyo inaishia 255 na kinachozidi huanza tena kwenye sifuri.

Na ukali unaweza kuzimwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika kiasi cha sekunde 40 baada ya safari kuanza. Programu yake ya uelekezaji iliandikwa kwa Ada, lugha mashuhuri kwa ukali. Namba ya biti 64 ilipogeuzwa kuwa ya biti 16 haikuenea, na ugeuzaji huo ulikuwa umeachwa bila kinga ili kuipunguzia kompyuta mzigo. Sehemu hiyo ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako namba hiyo haikuwahi kukua kiasi hicho.

Ulegevu nao una kazi yake. Kama unasafisha orodha ya wanafunzi wa skuli moja kwa mistari 20 utakayoifuta kesho, kutangaza aina ya kila kitu ni kujichosha. JavaScript ilizaliwa katika hali ya namna hiyo: Brendan Eich aliiunda mwaka 1995 kwa siku kama 10, kwa ajili ya vijiprogramu vya kurasa za wavuti. Leo tabia zake haziwezi kunyooshwa, kwa sababu kurasa za zamani zinazitegemea.

Ndiyo maana ukali siku hizi huongezwa juu. TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezwa aina, ilitoka 2012. PHP 7, toleo la lugha ya tovuti, ilileta agizo la strict_types, la kukagua aina kwa ukali, mwaka 2015, na mwaka huo huo Python 3.5 ikaweka alama za aina. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Aina za TypeScript hufutika kabla programu haijaanza kazi, hivyo hazimkagui karani. Alama za Python hazilazimishwi na Python yenyewe. Lazima uendeshe mkaguzi kama mypy. strict_types hufanya kazi kwenye faili ilimoandikwa tu.

Kwa fomu yetu, tungependa ukali ukae pale data inapoingia. Geuza maandishi kuwa namba mara moja tu, mlangoni, na kataa kisichogeuka. Uzito uhifadhi kwa gramu, namba kamili: kilo 12.5 ni 12500. Namba ya simu iache iwe maandishi, la sivyo sifuri ya mbele inapotea.

Kisha ijaribu fomu kwa vitu ambavyo makarani huandika kweli. JavaScript ina amri tatu za kugeuza maandishi kuwa namba: parseFloat, parseInt na Number. Andika 1,250 kwa mkato: parseFloat itakupa 1, gari zima la karafuu limekuwa kilo moja. Andika "12kg": parseInt itachukua 12 bila kulalamika. Acha kisanduku kitupu: Number itakurudishia 0, na mkulima atapewa stakabadhi isiyo na kitu.