Gharama iliyozama ni nini?

Gharama iliyozama ni fedha, muda au nguvu ambayo imeshatumika na hairudi, uendelee au uache. Kwa kuwa hairudi, haina nafasi kwenye hesabu ya uamuzi wa leo. Kusema ni rahisi.

Chukua gari la mtumba. Mwaka huu limeshakula Sh 1,800,000 gereji: gia boksi, rejeta, shokapu. Sasa injini imenoki na fundi anataka Sh 2,000,000. Likiuzwa hivyo hivyo lilivyo, mnunuzi anatoa Sh 2,500,000. Likitengenezwa litafika Sh 4,000,000. Yaani utoe milioni 2 ili bei ipande kwa milioni 1 na nusu. Mwenye gari atakuuliza: "Na ile 1,800,000 niliyokwishatia iende bure?" Ilishakwenda. Akitengeneza imekwenda, akiuza imekwenda.

Methali zetu zinavuta pande zote mbili. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini pia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na hii ya pili ndiyo inayotumaliza. Hesabu watu wanaijua. Tatizo ni aibu. Ukiacha, majirani watajua kwamba ulikosea.

Aibu hiyo huzipata hata serikali. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima mamilioni ya ekari. Vichaka vya Kongwa vilivunja matrekta, udongo wake ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikuaminika. Dalili zilionekana tangu mwaka wa kwanza. Lakini wakubwa London walikuwa wameshautangaza mradi kwa mbwembwe, hivyo malengo yakapunguzwa, mipango ikabadilishwa, fedha zikaendelea kumiminwa. Mradi uliachwa Januari 1951, na paundi milioni 36 hivi zikafutwa kama hasara.

Hii haina maana kwamba kila kazi ngumu iachwe. Nyumba iliyofika lenta na imebakiza Sh milioni 15 kumalizika, wakati nyumba ya namna hiyo mtaani inauzwa milioni 40, imalizie, mradi kuiuza hivyo ilivyo hakukupi zaidi ya tofauti hiyo. Sababu si zile milioni ulizokwisha kuchimbia chini, bali ni kwamba kuta zipo na kilichobaki ni kidogo kuliko utakachopata. Kwenye hesabu hiyo unaingiza vitu viwili tu: kinachobaki kulipwa na kitakachoongezeka juu ya kile ambacho ungepata ukiacha leo.

Kazini, kinachosaidia zaidi ni kumpa mtu mwingine aikague hesabu. Aliyeidhinisha mradi mara nyingi ndiye wa mwisho kuona kwamba umekufa, na bado sehemu nyingi ndiye huyo huyo anayeombwa kuandika ripoti ya kama uendelee.