Manjano kwa kichanga: kipimo cha kwenye ngozi, na lile jua la asubuhi

Maswali haya naulizwa wodini karibu kila wiki, mara nyingi na mama aliyemleta mtoto akiwa amechelewa.

Manjano ni nini?
Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, rangi ya njano. Ini la kichanga bado halijakomaa, huchelewa kuiondoa. Watoto wapatao 6 kati ya 10 waliotimiza miezi huipata wiki ya kwanza, njiti 8 kati ya 10. Msiichanganye na homa ya manjano. Ile huletwa na mbu.

Kama ni wengi hivyo, hofu ya nini?
Kwa wengi huisha yenyewe. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo, na ubongo ukishaumia haurudi. Mtoto anaweza kuwa kiziwi, au viungo vikakakamaa maisha yake yote.

Kile kifaa mnachomgusisha usoni kinafanya nini?
Kinapima manjano kupitia ngozi. Ni kidogo, kinashikika mkononi. Kinagusishwa kwenye paji la uso au kifuani, kinamulika, kinasoma mwanga unaorudi, namba inatokea. Hakuna sindano. Mama mmoja alimweka mwanawe kofia vizuri akidhani tunampiga picha.

Mbona bado mnamtoboa kisigino?
Namba ile ni makadirio. Ikiwa juu tunahakikisha kwa damu. Njiti wa chini ya wiki 35, mtoto aliyeanza manjano ndani ya saa 24 za kwanza, na aliyekwisha kuwekwa kwenye taa za bluu za kutibu manjano, hao tunawapima damu moja kwa moja. Taa hufifisha ngozi haraka kuliko damu, kifaa kikadanganyika.

Nikimwanika jua la asubuhi, si yataisha?
Hapana. Ni kweli tiba ya taa ilianzia juani: miaka ya 1950 huko Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona watoto waliotolewa nje ngozi imepungua manjano. Lakini taa zetu humulika mwili ukiwa wazi, usiku na mchana, na tunapima tena na tena. Wewe unamtoa robo saa kavaa sweta, soksi na kofia, kaonekana pua tu.

Bibi yake anasema wanawe wote waliota jua wakapona.
Hao wangepona hata wangekaa chumbani. Shikamoo bibi, lakini mtoto aletwe leo.

Basi nimwanike siku mbili tatu, nikiona bado ndipo nije?
Hapana! Siku hizo mbili tatu ndizo zinazoharibu ubongo. Manjano yakitokea siku ya kwanza, yakifika miguuni, mtoto akigoma kunyonya, akilia kwa sauti kali au akijipinda mgongo, njoo usiku huohuo. Watu husema "mpole huyu, analala tu". Mpole asiyeamka kunyonya ndiye anayenitisha.

Mtoto wetu mweusi, nitaonaje?
Msogeze dirishani mchana, mbonyeze kifuani kwa kidole, achia, tazama rangi inayobaki hapo. Angalia na ufizi, na weupe wa macho. Ukiwa na shaka, njoo. Jicho halitoi namba.

Maji ya glukosi je?
Yanajaza tumbo bure. Bilirubini hutoka na choo, na choo huletwa na maziwa: mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, dang'a, yale maziwa ya kwanza, usiikamue ukaimwaga. Na zile nguo za kurithi zilizokaa sandukuni na naftalini, vile vidonge vya kufukuza wadudu, usimvalishe. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na huku pwani si wachache, damu yake inaweza kuvunjika kwa mvuke wa naftalini tu.

Amepimwa, namba iko chini, tumeruhusiwa. Nirudi ya nini?
Kwa sababu kilele ni siku ya 3 hadi ya 5, wakati wengi mko nyumbani. Namba ya jana haisemi ya keshokutwa. Rudi tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Siku hiyo jua likiwa zuri, ataliota njiani mkija.